Watoto watatu, mama mkwe na usiku wa Oktoba 31

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, Marekani, huu mwaka wa sita. Kwetu ni Malindi. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, wiki nyingi hayupo. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku: naingia saa tano, natoka saa moja asubuhi.

Oktoba ikifika nyumba yangu inageuka bunge, kwa sababu ya Halloween, sherehe ya usiku wa tarehe 31 ambapo watoto huvaa mavazi ya kujigeuza na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakipewa peremende. Kifungua mimba wangu ni mvulana wa miaka 15, mkimbiaji wa mbio za nyika shuleni. Anasema yeye si mtoto wa kuzunguka na mfuko wa peremende. Anataka kwenda na wenzake kwenye nyumba ya vitisho, wanakolipia kutishwa. Wa kati ni msichana wa miaka 8, na anaihesabia siku Halloween tangu shule zilipofunguliwa. Lakini ana mzio wa karanga. Mwaka juzi alirudi na mfuko umejaa, nikamtolea zaidi ya nusu, akalala akilia. Kitinda mimba ana miaka 3. Jirani yetu amesimamisha uani kiunzi cha mifupa kirefu kupita paa la gereji, na kila tukipita pale ananing'ang'ania shingo hadi nakosa pumzi.

Mwaka jana nilidhani nimepata dawa. Shamba moja nje ya mji lilijitangaza kuwa ni burudani ya familia nzima. Nikalipia watu wanne, karibu malipo yangu ya zamu nzima. Tulipoingia kwenye njia za kupotezana ndani ya mahindi, mtu akaturukia na msumeno unaonguruma. Mdogo akapiga yowe, wa kati akagoma kusonga mbele, mkubwa akanuna kwa kuwa hatukufika hata nusu. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno. Mdogo alilala taa ikiwaka hadi karibu na Krismasi.

Mwaka huu mama mkwe yuko nasi. Alikuja Agosti na atakaa hadi Januari. Ni Mkatoliki wa rozari kila jioni. Siku alipoiona mifupa ya jirani alisimama njiani akasema, "Kwetu mzee wa heshima akifa huchongewa kigango, nguzo ya kumkumbuka. Huku mnawatundika wafu nje ili muwacheke?" Neno hilo halijanitoka. Amesema hataki wajukuu wake wavae uchawi. Sitaki kumvunjia heshima, Shangazi, na pia sitaki watoto wangu wawe peke yao darasani wasio na la kusimulia Novemba mosi.

Kuna shughuli gani za Halloween zitakazotufaa sote, mdogo hadi mkongwe, bila kuniacha mkono mtupu?

Mama wa Watatu
Brooklyn Park

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye neno la mama mkwe wako. Nitamrudia. Lakini kwanza nikutue mzigo mmoja: acha kutafuta shughuli moja itakayomfurahisha mtoto wa miaka 3, kijana wa 15 na bibi yao kwa saa zile zile na tiketi zile zile. Nimeishi Minnesota miaka mingi na sijaiona. Palipoandikwa "familia nzima" nimekuta mara nyingi pamekusudiwa watoto wa kati, kama binti yako, na wengine wote wanavumilia. Bahati nzuri Halloween ya Marekani haikai usiku mmoja. Inaanza maboga yakitoka mashambani mwishoni mwa Septemba na kuisha Novemba ikiingia. Una wiki tano za kugawa, na kila mtu nyumbani kwako anaweza kupata siku yake.

Kuhusu lile shamba, hukukosea kwenda. Mashamba mengi ya huku yana sura mbili. Mchana ni trekta, marobota ya nyasi, mbuzi wa kulishwa na njia za kupotezana ndani ya mahindi. Giza likiingia, mahindi yale yale yanakuwa ya vitisho na watu wa kuruka ghafla. Kabla ya kulipa piga simu uulize maswali mawili: je, kuna watu wanaowatokea wageni ghafla, na wanaanza saa ngapi? Ukiambiwa wanaanza jioni, nenda asubuhi, maliza kabla ya saa tisa alasiri. Mdogo wako ataliona trekta tu, na litamtosha.

Sasa mama mkwe.

Usimjibu kwa kumwambia ni mchezo tu. Amesema jambo zito. Mtu aliyekulia mahali ambapo marehemu huchongewa kigango na kukumbukwa kwa jina lake, akiona mafuvu yamening'inizwa mtini, ana haki ya kuuliza wafu hao ni wa nani. Mjibu kwa kile anachokijua. Jina Halloween lenyewe maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Ni jioni inayotangulia Novemba 1, sikukuu aliyoiadhimisha tangu utotoni, na kesho yake, Novemba 2, ni siku ya Marehemu Wote, ambayo nina hakika Malindi alikuwa hakosi misa. Zamani Uingereza, siku hizo maskini na watoto walipita mlango kwa mlango, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Waairishi walichonga nyuso kwenye mizizi ya tanipu na kutia mwanga ndani; walipohamia Marekani wakakuta boga ni kubwa zaidi na huchongeka kwa urahisi. Ndani ya sherehe hii yamo pia mambo ya kale ya Wakeltiki, kabla ya Ukristo, na usimfiche hilo. Lakini kubisha hodi na kupokea kitu kitamu kuna mzizi ambao yeye mwenyewe ataukubali.

Kisha mpe kazi yenye hadhi. Mwambie: Mama, Oktoba 31 ni ya watoto, Novemba 1 na 2 ni zako. Awapeleke wajukuu misa ikiwa zamu yako inaruhusu. Jioni ya tarehe 2 awashe mshumaa mezani, awatajie majina ya wazee wa ukoo: nani alikuwa mvuvi, nani alikuwa na sauti ya kuimba, babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Binti yako atakuwa na la kusimulia darasani ambalo hakuna mwenzake analo. Na Minneapolis wako Wamexico wengi ambao siku hizo mbili huwatengenezea marehemu wao meza za maua, picha, mafuvu ya sukari na vyakula walivyovipenda. Ukipata nafasi mpeleke mama mkwe akaione meza moja. Nadhani huko ndiko atakakoona kwamba fuvu la sukari linaweza kuwekwa kwa mapenzi.

Boga pia ni lake. Nunueni mawili. Lile kubwa la kuchonga lina maji mengi na halina utamu, hilo waachie watoto. La pili liwe dogo, gumu, lile wanalouza la kupikia mkate wa boga. Hilo mpe bibi alipike la nazi, kama nyumbani. Mbegu za yote mawili zioshwe, zikaushwe, zitiwe chumvi, zikaangwe kwenye oveni. Kuchonga boga sebuleni ndiyo shughuli pekee ninayoijua ambayo watu wa miaka 3, 8, 15 na 70 wanaifanya kwenye meza moja bila mmoja kuchoka: mdogo anatoa mbegu kwa mikono, wa kati anachora uso, mkubwa anashika kisu, bibi anatoa amri. Jumla, bei ya maboga mawili.

Kwa kitinda mimba nina pendekezo ambalo pengine umelipita kila usiku ukienda kazini. Nyumba za wazee za huku hualika watoto mchana wa Halloween, au siku moja mbili kabla. Wazee hukaa ukumbini au kwenye milango ya vyumba vyao na bakuli mapajani, watoto hupita wakipokea. Nilifanya kazi mahali kama hapo. Niliwaona watu ambao wiki nzima hawakumwambia yeyote neno, mtoto aliyevaa kama nyuki akapita, wakaanza kuuliza jina lake na umri wake. Ndani kuna joto, taa zinawaka, hakuna anayeruka kutoka gizani, na mtoto wa miaka 3 ndiye mfalme wa siku. Muulize mratibu wa shughuli za wazee mahali pako kama wanafanya hivyo. Kama hawafanyi, jitolee mwanzishe. Mchukue mama mkwe. Yeye na wale wazee hawatahitaji Kiingereza kingi.

Na kile kiunzi cha jirani? Mifupa hiyo ya futi 12 imeenea tangu duka la Home Depot lianze kuiuza mwaka 2020. Sasa iko karibu kila mtaa. Mtoto wa miaka 3 hawezi kutofautisha cha kuigiza na cha kweli kwa kuambiwa, ila anaweza kwa kugusa. Mwombe jirani ruhusa, mwende saa nne asubuhi jua likiwaka, aguse mguu wa plastiki, aone waya na nguzo zilizokishikilia. Mwache akipe jina. Akikataa kukaribia, rudini nyumbani, msijaribu tena mwaka huu.

Kuna pia ZooBoo ya bustani ya wanyama ya Como, St. Paul, iliyokusudiwa watoto wadogo kama wako. Ina tiketi, kwa hiyo pima mfuko. Maktaba za kaunti huwa na vipindi vya bure vya hadithi na kazi za mikono mwezi mzima, na makanisa mengi huegesha magari uwanjani, buti za magari zimepambwa, watoto wanapita gari hadi gari wakipokea peremende. Hii ya magari inafaa kwa mwenye zamu kama wewe kwa sababu hufanywa mapema na huisha mapema.

Lakini kama ungefanya jambo moja tu mnalotoka nje wote pamoja, ningekutuma mji wa Anoka, na uko karibu nao mno kuukosa. Kutoka kwenu ni kama dakika 20 kwa gari, kaskazini. Mji huo mdogo hujiita makao makuu ya Halloween ya dunia, na una sababu. Zamani vijana wake walikuwa wakisherehekea usiku huu kwa utukutu. Watu waliamka wakakuta ng'ombe wanazurura barabara kuu na vioo vya maduka vimepakwa sabuni. Mwaka 1920 wakubwa wa mji, mmoja wao akiitwa George Green, wakaamua kuwapa vijana kazi ya kufanya badala ya kuwafukuza: maandamano ya mavazi, moto mkubwa wa kuota, na bisi, njugu na peremende za bure. Isipokuwa 1942 na 1943 kwa sababu ya vita, waliendelea mwaka baada ya mwaka. Napenda sana historia hiyo. Ni watu wazima waliowatazama watoto wasumbufu wakajiuliza hawa wanakosa nini.

Maandamano yao makubwa huwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mchana, na kutazama ni bure. Bendi za shule, magari yaliyopambwa, watoto wa kila umri. Hakuna tiketi, kwa hiyo mdogo akichoka mnaondoka bila kuhesabu hasara. Beba kiti cha kukunja cha mama mkwe, blanketi mbili na chupa ya chai ya maziwa. Fika saa moja kabla.

Na hapo hapo ndipo nimempatia kijana wako cha kufanya. Wikendi hiyo Anoka huwa na mbio za kilomita 5 zinazoitwa Gray Ghost, kwa lakabu ya Bill Andberg, mkimbiaji wa mji huo aliyekuja kujulikana kwa mbio alipokuwa mtu mzima sana. Watu hukimbia na mavazi yao ya kujigeuza. Kijana wa mbio za nyika akimaliza pale mbele ya nyanya yake aliyekaa kwenye kiti chake na blanketi, hiyo ni Halloween ambayo hatajiona mdogo kuifanya. Tazama ada ya kujiandikisha mapema.

Nyumba ya vitisho umruhusu, kwa masharti. Ana miaka 15, kuogopa pamoja na wenzake ni sehemu ya umri huo. Soma masharti ya umri ya mahali wanapokwenda, ujue nani anaendesha gari, na aende usiku mwingine, si tarehe 31. Tarehe 31 unamhitaji: awe msindikizaji wa dada yake. Kama anaona aibu kutembea bila sababu, miaka ya nyuma watoto wa Marekani walizunguka na visanduku vya UNICEF wakichangisha sarafu za watoto wenzao, desturi iliyoanza Philadelphia mwaka 1950. Kijana mwenye sanduku la mchango mkononi hafanani na mtoto anayeomba peremende.

Tumfikie binti yako, maana usiku huo hasa ni wake. Kawaida watoto huanza kuzunguka kama saa kumi na moja na nusu jioni, na kufikia saa mbili usiku mitaa imetulia. Una muda wa kwenda naye, kurudi na kupumzika kabla ya zamu. Nyumba yenye taa ya barazani inawaka inakaribisha. Iliyozima taa, piteni. Kwa mzio wake, tafuta boga lililopakwa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Ni alama iliyoanza Tennessee na kusambazwa nchi nzima mwaka 2014 na shirika la FARE la wenye mizio ya vyakula, na maana yake nyumba hiyo ina zawadi zisizoliwa: vibandiko, penseli, vijiti vya mwanga. Pakeni na nyinyi boga lenu rangi hiyo. Zaidi ya hapo, fanya naye biashara kabla hamjatoka: kila peremende yenye karanga, au isiyo na maandishi ya viambato, utainunua kwake kwa bei mliyokubaliana. Akiuza, hakuna anayemnyang'anya. Asile chochote njiani, na dawa yake ya dharura iwe mfukoni mwa kaka yake. Mdogo naye usimpe peremende ngumu wala za mviringo, zinakaba koo.

Mama wengi huniuliza kuhusu sumu ndani ya peremende. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amechunguza visa vya tangu 1958, na hajapata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa na mgeni kwa peremende za Halloween. Kinachoua ni magari. Utafiti uliochapishwa na jarida la tiba ya watoto la JAMA Pediatrics mwaka 2019, uliopitia takwimu za miaka 42, ulikuta hatari ya mtu anayetembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween ni asilimia 43 zaidi ya jioni nyingine za majuma ya karibu, na zaidi kwa watoto. Hapa kwetu jua linatua kama saa kumi na mbili, wakati ule ule watoto wako barabarani na watu wanatoka kazini. Kwa hiyo rangi za usoni badala ya kinyago kinachoziba macho, utepe unaong'aa mgongoni, tochi kwa kila mmoja. Na wewe ukiwa njiani kwenda kazini usiku huo, endesha polepole mitaani.

Mavazi nunua kwenye maduka ya mitumba, na uchague saizi kubwa kuliko mtoto, kwa sababu koti litakaa ndani. Uliza Mminnesota yeyote wa umri wangu kuhusu Halloween ya 1991: theluji ilianza watoto wakiwa bado wanazunguka, na ilipokoma siku tatu baadaye Minneapolis na St. Paul zilikuwa zimefunikwa inchi 28.4, karibu sentimita 72. Kwa mdogo, shona nyuzi za sufu za rangi ya kahawia kuzunguka kofia ya sweta yake, umepata simba mwenye joto. Wa kati akitaka shujaa, mpe jezi ya Kenya juu ya koti, namba kifuani, awe Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki mara 3 wa mita 1500. Kwa mavazi hayo mama mkwe hatauona uchawi hapo.

Limebaki la mlangoni. Wewe, binti na kaka yake mkiwa nje, lazima mtu abaki na mdogo na kugawa peremende. Mwombe mama mkwe, usimlazimishe. Akikataa, zima taa ya barazani, hakuna atakayebisha, na hakuna aliyekosa adabu. Akikubali, weka kiti ndani ya mlango, bakuli mezani, na mdogo karibu naye akiwa simba. Mfundishe jambo moja: kila mtoto mmoja, peremende moja au mbili, la sivyo bakuli litaisha kabla ya saa moja usiku, maana namjua mtu wa pwani akipokea wageni. Na mnunulie shali nzito wiki hii, kwa sababu mlango utafunguliwa mara nyingi.